Darasa la Awali na Msimu wa Korosho: Mwongozo kwa Wazazi na Walezi wa Mtwara na Lindi

Uandikishaji wa watoto wa darasa la awali hufanyika katika miezi ya mwisho wa mwaka, na kwa sisi tunaoishi Mtwara na Lindi miezi hiyo ndiyo ya korosho. Kuanzia Oktoba familia nyingi za Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea, Ruangwa na Liwale huwa mikorosheni kutwa, nyingine zikiwa zimehamia kabisa kwenye vibanda vya shambani, zikiokota, zikianika na kupeleka mzigo kwenye ghala la chama cha msingi. Zinaporudi kijijini, shule imekwisha kufunguliwa na darasa limejaa, na mtoto aliyetimiza umri huambiwa asubiri mwaka mwingine au huingizwa moja kwa moja darasa la kwanza bila kupita awali. Hasara anayoipata mtoto huyo ni kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Mwongozo huu ni kwa wazazi, mabibi na wajomba wanaolea watoto wenye umri wa miaka 3 hadi 6. Faida za elimu ya awali ni za kweli na zimethibitishwa, lakini humfikia mtoto anayehudhuria karibu kila siku, katika darasa linalomruhusu kuzungumza na kucheza, huku nyumbani kwake kukiwa na mtu anayefuatilia. Kwa hiyo kazi kubwa ya mzazi wa mikoa hii ni kuupanga mwaka wa mtoto mapema, kabla shughuli za shamba hazijampangia.

Mtoto anapata nini, na familia inapata nini

Tuanze na lugha, kwa sababu huku kwetu ndipo tofauti inapoonekana haraka. Watoto wengi wa vijijini hukua wakisikia Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua, na Kiswahili wanachokijua ni cha kuchanganya kidogo kidogo. Mtoto wa namna hiyo akiingia darasa la kwanza bila kupita awali, anatakiwa ajifunze mambo mawili kwa pamoja: lugha ya darasani, na kusoma, kuandika na kuhesabu kwa lugha hiyohiyo. Aliyepita awali amekuwa na mwaka mzima wa kusikiliza hadithi, kuimba, kujibu maswali na kutaja vitu kwa Kiswahili, hivyo anapoonyeshwa herufi anakuwa tayari na maneno ya kuziambatanisha nazo. Jambo hili lisimfanye mzazi aache kuzungumza lugha ya nyumbani. Mtoto mwenye maneno mengi katika lugha ya mama yake hujifunza Kiswahili kwa wepesi zaidi, kwa kuwa fikra anazo tayari na anachotafuta ni majina yake mapya.

Faida nyingine hazionekani kwenye daftari. Mtoto hujifunza kusubiri zamu, kugawana kitu kimoja na wenzake, kumwambia mtu mzima asiye wa familia yake kwamba anaumwa au anataka kwenda chooni, na kuimaliza kazi aliyoianza. Misuli midogo ya vidole hupata nguvu anapofinyanga udongo, anapotunga shanga na anapochora, na nguvu hiyo ndiyo itakayomwezesha kushika penseli bila kuchoka.

Kuna ushahidi wa muda mrefu kuhusu mambo haya. Katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan nchini Marekani, watoto 123 wa familia maskini waligawanywa katika makundi mawili miaka ya 1960, kundi moja likasoma shule ya awali iliyoitwa Perry na jingine halikusoma. Watafiti waliwafuatilia hadi utu uzima. Walipofikisha miaka 40, waliomaliza shule ya sekondari katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 65, na katika kundi la pili asilimia 45, na waliosoma awali walikuwa na kipato kizuri zaidi na kesi chache zaidi za kukamatwa na polisi. Mzazi azingatie jinsi shule ile ilivyoendeshwa: watoto walikaa darasani kwa saa mbili na nusu tu kila asubuhi, walipewa nafasi ya kupanga wenyewe shughuli zao, na kila wiki mwalimu alimtembelea mama nyumbani wakazungumza kuhusu mtoto.

Lakini utafiti mwingine, uliofanyika jimbo la Tennessee katika nchi hiyohiyo na kuchapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba watoto waliopitia madarasa ya awali ya serikali ya jimbo lile walikuwa nyuma ya wenzao katika mitihani walipofika darasa la sita. Nautaja kwa makusudi, kwa sababu wapo wanaohubiri elimu ya awali kana kwamba kuwa na darasa peke yake kunatosha. Hakutoshi. Darasa la watoto mia moja wanaokariri kwa sauti moja asubuhi nzima haliwezi kuleta matunda ya darasa la Perry, hata likiitwa la awali.

Kwa upande wa familia, anayenufaika kwanza huwa ni dada mkubwa. Wakati wa palizi na wakati wa korosho, binti wa darasa la nne au la tano ndiye anayeachwa nyumbani kumwangalia mdogo wake, na siku anazokosa shule hujumlishwa kimyakimya mpaka matokeo yanapotoka. Mdogo akiwa darasani asubuhi, binti naye yuko darasani. Mama hupata saa kadhaa za kufanya kazi bila mtoto mgongoni au pembeni ya moto, awe anauza samaki ferini, anachambua korosho au analima. Na jicho la mwalimu huongezeka juu ya jicho la nyumbani: mtoto asiyesikia vizuri au asiyeona vizuri mara nyingi hugunduliwa anapokuwa na wenzake wa umri wake, kwa kuwa nyumbani tumezoea kumwita mkaidi au mpole.

Kuandikisha kwa wakati

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada katika darasa hilo. Kwa kawaida mtoto huandikishwa akiwa na miaka 5, ingawa zipo shule zinazopokea wa miaka 4 pale nafasi inaporuhusu. Aliye mdogo zaidi ya hapo anaweza kupelekwa kwenye kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, ambacho wengi wetu bado tunakiita chekechea. Hakikisha kituo hicho kimesajiliwa kupitia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, na usione haya kuomba uonyeshwe cheti cha usajili.

Nenda shuleni mwezi Oktoba mwanzoni, kabla ya kuhamia shamba. Beba cheti cha kuzaliwa au, kama hakipo, kadi ya kliniki inayoonyesha tarehe ya kuzaliwa, na mweleze mwalimu mkuu kwamba cheti kinafuatiliwa. Kukosa cheti kusiwe sababu ya kumweka mtoto nyumbani. Kwa mdogo wake ambaye bado hajatimiza miaka 5, usisubiri yakukute tena: usajili wa watoto wa chini ya umri huo na utoaji wa cheti cha kuzaliwa hufanyika bila malipo katika ofisi ya kata au kwenye kituo cha afya kinachotoa huduma ya mama na mtoto.

Kama huwezi kwenda mwenyewe, mtume mtu mwenye sauti katika familia. Katika jamii zetu nyingi za kusini mjomba ana mamlaka juu ya watoto wa dada yake, na nimeona mara nyingi kwamba mtoto ambaye mjomba wake ndiye aliyempeleka kuandikishwa haondolewi shuleni ovyo.

Fedha nazo zina wakati wake. Ada hakuna, lakini sare, viatu, begi na madaftari hununuliwa na mzazi, na pengine upo mchango wa uji uliokubaliwa katika mkutano wa wazazi. Malipo ya minada ya korosho yanapoingia kwenye akaunti, tenga fungu la mtoto siku hiyohiyo, kabla ya bati, pikipiki na sherehe, kwa sababu Januari ikifika watu wengi huwa wamekwisha kurudi kwenye kukopa. Mchango ukichelewa, zungumza na mwalimu mkuu au kamati ya shule badala ya kumficha mtoto nyumbani, kwa kuwa mtoto hapaswi kurudishwa kwa sababu ya mchango.

Kulitazama darasa kabla ya kumwacha mtoto

Tembelea darasa asubuhi moja, watoto wakiwa ndani. Wazazi wengi huishia kuangalia rangi ya ukuta na sare. Vitu hivi havikuambii lolote kuhusu kujifunza. Sikiliza kwanza ni nani anayezungumza: kama ni mwalimu peke yake, na watoto wanaitikia tu kwa pamoja, kuna kasoro. Kisha tazama kama zipo kona za ujifunzaji, yaani sehemu za darasa zilizopangwa vitu vya kuhesabu, vya kuigiza mambo ya nyumbani, vya kuchora na vya kusoma. Vitu hivyo si lazima vinunuliwe dukani. Vizibo vya chupa, kokwa za maembe, makombe ya pwani, magunzi ya mahindi na vibuyu vinafaa kabisa, na mwalimu anayeyajua mazingira yake huwa navyo tele.

Uliza idadi ya watoto. Kiwango kilichowekwa na serikali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na katika shule zetu nyingi idadi huzidi hapo. Idadi ikiwa imezidi, usimchukie mwalimu. Jambo lenye manufaa ni kuuliza katika mkutano wa kijiji kama wazazi wanaweza kumpata kijana aliyemaliza kidato cha nne, mwenye upole na anayejua Kiswahili na lugha ya hapo kijijini, awe msaidizi wa darasa, na kijiji kikubaliane namna ya kumtunza. Njia ya kuwatumia wasaidizi kutoka ndani ya jamii kuwaandaa watoto kwa shule ilikwisha kutumika katika EQUIP-T, mpango wa kuinua ubora wa elimu nchini, ambao Lindi ilikuwa miongoni mwa mikoa yake, kwa hiyo si wazo geni.

Angalia choo, na uangalie kwa makini kama mtoto wa miaka 5 anaweza kukitumia bila kuogopa tundu. Angalia maji ya kunawa, ambayo juu ya uwanda wa Makonde ni shida ya miaka mingi na hivyo yanahitaji mpango, hata kama ni dumu linalojazwa kwa zamu na wazazi. Na uulize kuhusu fimbo. Mtoto wa awali hapigwi kwa sababu hajui jibu, na mwalimu anayeona ni sawa kufanya hivyo aelezwe kwa heshima na kwa uwazi, mbele ya mwalimu mkuu, kwamba wazazi hawakubali.

Wapo wazazi wa mjini, Mtwara na Lindi, wanaopima shule kwa mtoto kurudi nyumbani akitamka maneno machache ya Kiingereza au akiwa na kurasa zilizojaa herufi. Mimi nashauri wapime kwa maswali anayouliza mtoto jioni.

Kulinda mahudhurio dhidi ya kalenda ya shamba

Hapa ndipo mwaka wa mtoto wa kusini unapoharibika, na ndipo panapohitaji mpango ulioandikwa. Kaeni kama familia mwezi Desemba mkiwa na karatasi, muandike vipindi vyote ambavyo mtu mzima hatakuwepo nyumbani. Januari hadi Machi ni kupanda na palizi, na katika mashamba yaliyo karibu na msitu kuna kazi ya kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori, ngedere na ndege. Katikati ya mwaka ni kupulizia salfa kwenye mikorosho. Oktoba hadi Desemba ni kuokota. Kwa kila kipindi andikeni jina la mtu mmoja atakayebaki kijijini na mtoto, na mfanye makubaliano naye mapema pamoja na chakula atakachoachiwa. Bibi ndiye chaguo la kwanza la wengi, lakini bibi mmoja hawezi kuachiwa wajukuu saba kwa miezi mitatu bila msaada. Familia tatu au nne zenye mashamba upande mmoja zinaweza kupokezana, kila wiki mzazi mmoja abaki na watoto wote.

Kama shamba liko mbali kiasi kwamba lazima mhame wote, ulizeni kama kuna shule au kituo shikizi, yaani darasa lililo chini ya shule mama, karibu na huko, na muombe barua kwa mwalimu mkuu ili mtoto apokelewe kwa muda. Ni bora ahudhurie mahali pengine kuliko kukaa chini ya mkorosho miezi miwili akichezea mabibo.

Jando na unyago navyo vina nafasi katika mpango huu. Hakuna haja ya kugombana na wazee. Zungumza na wahusika mapema ili mtoto wa familia yako aingie wakati wa likizo ya Juni au ya Desemba na apone kabisa kabla shule haijafunguliwa.

Kuhusu njia, masika yetu huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili au Mei, hivyo wiki za kwanza za shule huwa za matope na vijito vilivyojaa. Mtoto wa miaka 5 asivuke kijito peke yake hata kama kaka yake alifanya hivyo. Watoto wa mtaa mmoja waende kwa kundi, wakiongozwa na mtu mzima au mwanafunzi wa madarasa ya juu anayejulikana, na siku ambayo maji yamejaa wabaki nyumbani bila kulaumiwa. Malaria nayo hula siku nyingi za darasani katika mikoa hii, kwa hiyo chandarua cha mtoto ni kifaa cha shule sawa na daftari. Akipata homa apelekwe akapimwe siku hiyohiyo.

Kazi ya nyumbani isiyohitaji fedha

Mtoto ale kabla ya kutoka. Uji wa mtama, mahindi au muhogo uliotiwa karanga zilizotwangwa unatosha, na muhogo au ming'oko iliyochemshwa ikiwepo ni nyongeza nzuri. Mtoto mwenye njaa huonekana mtundu au mzito, na mwalimu anaweza kumdhania hana akili.

Jioni mpe robo saa ya mazungumzo, redio na simu zikiwa zimezimwa. Muulize leo alicheza na nani na mchezo uliendaje, kisha msubiri amalize, hata akichelewa kupata neno. Hadithi za sungura na fisi na vitendawili walivyotutegea mabibi zetu vinafanya kazi ileile inayofanywa na kitabu: vinamfundisha mtoto kukumbuka mfuatano wa mambo, kukisia kinachofuata na kusikiliza maneno kwa makini. Hesabu zimejaa nyumbani. Ahesabu korosho kumi kumi mnapochambua, agawe sahani ziwatoshe watu waliopo, apange samaki kutoka mdogo hadi mkubwa. Achore mchangani kwa kijiti. Usimlazimishe kuandika herufi kwa saa nzima, na usimlinganishe na mtoto wa jirani aliyeanza kuandika jina lake mapema.

Watoto wengi wa hapa husoma chuo, yaani madrasa, alasiri. Awali asubuhi na chuo alasiri vinaweza kwenda pamoja bila tatizo, mradi mtoto apate kula, kulala kidogo mchana na kucheza kabla ya jua kuzama. Ukiona analala darasani, zungumza na ustadhi na mwalimu wote wawili mpunguze siku, badala ya kuchagua upande mmoja.

Wiki mbili za kwanza mtoto anaweza kulia akiachwa. Muage kwa maneno machache, mwambie nani atamchukua na wakati gani, kisha ondoka kweli. Usitoroke akiwa ameangalia pembeni, maana kesho yake atakushikilia zaidi. Kilio kikiendelea kwa mwezi, au mtoto akianza kukojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha, au akiogopa kumtaja mtu fulani wa shuleni, chunguza kwa utulivu na umwamini anachokwambia.

Mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kuandikishwa kama wengine, na kwake mwaka wa awali una thamani zaidi kwa kuwa humpa muda wa kuzoea watu na mazingira. Ukihisi hasikii, haoni au anachelewa kuongea, mpeleke akapimwe mapema katika hospitali kama Ligula mjini Mtwara, Sokoine mjini Lindi au Ndanda wilayani Masasi, kisha mpelekee mwalimu maelezo uliyopewa ili ajue amketishe wapi na azungumze naye vipi.

Kila mwisho wa mwezi mwulize mwalimu maswali mawili tu: mtoto wangu amekosa siku ngapi, na ni jambo gani moja nilifanye naye nyumbani mwezi ujao. Mwaka ukikaribia kwisha, kabla hamjaenda kuokota korosho, omba taarifa ya maendeleo yake kwa maandishi na uhakikishe jina lake limeingizwa kwenye orodha ya darasa la kwanza, kisha mfikishie taarifa hiyo mwalimu atakayempokea Januari.